Shajara ya kuchakaza nguo: mavazi 11, mbuzi ya nazi, na mama yangu

Jumamosi, wiki ya kwanza

Haya nimeanza. Adivansi laki tatu imeingia kwenye simu asubuhi na mpaka alaasiri nusu yake ishatoka, kodi ya chumba na deni la brashi, lakini kazi ni kazi. Mavazi 11 ya mchezo wa jukwaani. Mchezo unahusu kijana mchuma karafuu wa Pemba anaevuka kuja Unguja miaka ya 1920 kutafuta riziki, huku mjini anakutana na wachukuzi wa bandarini, mzee muuza bizari, mwimbaji, mama mwenye nyumba na wengine. Kushona anashona fundi wa Mwanakwerekwe, mie kazi yangu kutia rangi, kuchora kanga na kuchakaza.

Hilo la mwisho ndo watu hawalielewi. Nikisema mie mchoraji wa nguo wanajua nachora maua kwenye madera, na kweli nachora, madera ndo yananiweka mjini sikatai. Lakini nguo ya jukwaani ikitoka kwa fundi inang'aa, mishono imenyooka, harufu ya duka bado imo, sasa umvishe mtu anaetakiwa aonekane kabeba magunia miaka kumi, si anaonekana bwana harusi kapotea njia? Kwahiyo mtu inabidi akae aizeeshe. Nguo ya miaka kumi uipate kwa siku nne. Na ukiifanya vizuri hakuna anaejua kama kuna mtu kafanya kitu. Hii shajara naandika kwa sababu kila kazi nasahau vipimo naanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, safari hii naweka kila kitu.

Jumatatu

Darajani tangu saa tatu asubuhi. Nimetafuta marikani, ile nyeupe ya kukwaruza. Muuzaji wa kwanza kaniapia pamba tupu, nikamwomba uzi mmoja nikauchoma na kiberiti mlangoni kwake. Ukayeyuka ukafanya kidonge cheusi kigumu. Pamba haiyeyuki, pamba inaungua kama karatasi na inanuka kama karatasi, inabaki majivu. Nikamrejeshea kidonge chake nikasema ahsante ami. Duka la tatu ndo nimepata pamba ya kweli.

Sio uchaguzi wa maringo huu. Rangi za unga nnazotumia zinashika kwenye pamba na magadi, kwenye poliesta zinateleza zote zinaenda na maji, unabaki na ndoo nzuri na nguo nyeupe. Yalishanikuta, kazi ya harusi moja, sitaki hata kuikumbuka.

Halafu kuna kitu kinanifurahisha kila nikinunua marikani, jina lake. Ni Marekani hiyo hiyo. Meli zilikuwa zinatoka Salem huko Massachusetts zinaleta vitambaa vya pamba zinarudi na pembe za ndovu na sandarusi, mpaka mwaka 1837 Wamarekani wakafungua konseli yao, yaani ubalozi mdogo, hapa hapa mjini. Meli zishapotea, konseli ishapotea, jina limebaki kwenye kitambaa cha kushonea mito. Maalim (muongozaji wetu, sie sote tunamwita maalim hata asiemsomesha) nlipomuelezea akasema basi wachukuzi wote wavae marikani na kaniki, kile kitambaa cheusi cha pamba. Nikamwambia wanaume sawa ila wanawake wa mjini usiwavishe kaniki, kwa sababu utumwa ulifutwa hapa 1897 na baada ya hapo wanawake walozoea kuvishwa kaniki ndo hao hao walikimbilia kanga, ilikuwa njia ya kusema mie sie wa yule bwana tena. Ukimvisha mwimbaji wa miaka ya 1920 kaniki unamrudisha nyuma miaka thelathini. Akakaa kimya akasema ongeza kanga. Ongeza kanga, bei ile ile. Nlijichimbia mwenyewe.

Jumanne na Jumatano

Kufua kanji tu. Kitambaa kipya kina kanji, usipokitoa rangi inakaa juu kama vumbi. Nimeloweka usiku mzima, nimechemsha na sabuni kwenye sufuria ya pilau (mama hajui), nimesuuza mara tatu. Mvua za masika hazijamaliza, nguo zimening'inia ukumbini tunapita chini yake kama tuko kwenye mapango. Mita kumi na nane. Sina la kuandika zaidi.

Jumamosi, wiki ya pili

Fundi kaleta shati la mchukuzi, kanzu ya muuza bizari na shati la kijana wa Pemba. Safi kabisa, kaninyoshea na pasi. Nikamwonea huruma kwa nnachotaka kuzifanya.

Nlivofanya shati la mchukuzi, naandika kwa urefu maana hili ndo limetoka vizuri kuliko yote nlowahi kufanya:

Kwanza nimemvisha mdogo wangu shati limelowa, nimemwambia inama, inuka, kunja mikono, beba ndoo. Pale linapojikunja nimepiga alama ya chaki. Nguo haichakai kila pahala, inachakaa pale mwili unapofanya kazi, viwiko, makwapa, kola, ukingo wa mfuko ambapo mkono unaingia na kutoka, na tumboni anapojifutia. Wanaoanza kazi hii wanachukua msasa wanasugua nguo nzima sawasawa, mtu anaonekana kavaa gunia jipya.

Halafu chai. Majani ya chai vikombe viwili kwenye ndoo ya lita kumi, nimechemsha, nimetumbukiza nusu saa. Imetoka rangi ya meno ya mvuta sigara. Kwenye makwapa na mgongoni nimepiga maji ya kutu, yaani misumari imekaa kwenye siki wiki nzima kwenye chupa ya jemu. Kutu ikikutana na chai inageuka kijivu kuelekea weusi, hapo hapo unaiona, kama uchawi, na sababu ni ule ukakasi wa kwenye chai. Magome ya mkoko yana ukakasi huo huo kwa wingi zaidi, zamani yalikuwa yanasafirishwa kutoka pwani hii kwa ajili ya kazi za ngozi. Ntajaribu siku nikipata, nasikia yanatoa wekundu mzuri. Usizidishe kutu lakini, inakula uzi.

Halafu mbuzi ya nazi. Wengine wana brashi za waya na vifaa vya kuagizia, mie nina mbuzi ya bibi. Unavuta pindo la shati juu ya meno yake taratibu, uzi mmoja mmoja unakatika, unapata ile michirizi ya nguo ilovaliwa. Kwenye bega nimesugua msasa mpaka kitambaa kikaanza kuona mwanga, halafu nikapaka chokaa kavu kwa kiganja, maana mchukuzi wa Mji Mkongwe anapita vichochoroni na gunia begani, ukuta ni mawe na chokaa, hawezi kutoka mweusi mwote.

Mwisho mawe mifukoni, shati bado bichi, nikalitundika siku nzima lining'inie lipoteze umbo. Saa tisa na nusu kwa shati moja.

Jumatatu

Leo kwa aibu yangu sijagusa mavazi. Kuna kitabu cha watoto nachora, kurasa 24, habari za pweza na kaa, na mteja kaleta masahihisho ya mara ya saba. Anataka bahari iwe "ya kung'aa zaidi". Nimemtumia sauti dakika tatu nikimueleza kwamba ile feruzi anayoiona kwenye simu ni mwanga, wino wa kiwandani ni rangi nne tu na hauwezi kuifikia, hata ningechora na damu yangu kitabu kikitoka bahari itakuwa imepoa kidogo. Kajibu emoji ya dole. Sijui ndo kaelewa au ndo nifanye ya nane. Kazi ijayo mkataba wangu unasema masahihisho mawili ya bure, la tatu linalipiwa. Naiandika hapa ili nione haya kuivunja.

Alkhamis

Kanga. Doti moja ya mwimbaji, maalim anataka jina liwe "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Sawa, lakini kaniletea kwenye karatasi kwa herufi hizi zetu za kawaida, nikamwambia maalim, kanga za zamani zile jina lake ni Kiswahili lakini limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, hizi zimekuja baadae. Akafurahi mno. Mie nikajuta tena, maana herufi zangu za Kiarabu ni zile za chuoni, nasoma, kuandika kwa kupamba ni mambo mengine.

Pindo nimechonga muhuri kwa soli ya kandambili ilokatika. Nimefanya vidoti vikubwa kama kizibo cha soda. Mdogo wangu kasema vikubwa mno vibaya, nikamwambia nenda kasimame mwisho wa uchochoro uangalie. Karudi kasema vidogo. Ndo hivyo, jukwaani watu wako mita kumi na tano, kidoti cha ukubwa wa punje ya mtama huko ni uchafu tu. Unachora kitu kibaya karibu ili kiwe kizuri mbali, na kazi yote unaifanya ukiwa umekikaribia, hapo ndo mtihani.

Rangi ya akriliki nimeipunguza na maji na dawa yake ya nguo, nusu kwa nusu. Ukiipaka nzito kanga inakuwa turubai, haianguki mwilini, na mwimbaji wetu anategemea kanga ianguke vizuri akigeuka. Ikikauka pasi ya moto kwa nyuma dakika tatu kila pahala ili ishike. Umeme umekatika katikati ya pasi. Nikakumbuka ile 2008 kisiwa kizima mwezi mzima bila umeme, halafu tena mwisho wa 2009 miezi mitatu, nlikuwa skuli, mama alikuwa anapiga pasi ya mkaa. Nikamuuliza iko wapi. Ipo! Uvunguni. Nimepiga kanga yangu pasi ya mkaa, kaa dogo la moto limeanguka kwenye mji wa kanga, yaani pale katikati, limefanya tundu la ukubwa wa dengu. Nimeliacha.

Ijumaa

Bibi kaja kutwa, baada ya sala nikamtandikia kanga ukumbini. Bibi yangu hizi herufi zetu za skuli hazijui vizuri lakini Kiswahili cha herufi za Kiarabu anasoma kama maji, barua za babu zote alikuwa anaandikiwa hivo. Kakaa kwenye kiti chake cha mlangoni, kanga iko ukutani upande wa pili, kakunja macho.

"Dhiki umeiandika kwa herufi ya dhali."

"Ndio bibi."

"Dhiki hiyo ni ya dhadi, mwanangu. Hii yako sijui dhiki gani."

Nlikuwa nishapiga pasi. Imeshika. Nimefanyaje, nimeigeuza ile dhali kuwa sehemu ya ua, nimeongeza jani, nimesogeza neno zima kushoto na kuandika upya, sasa jina halijakaa katikati, limesogea kama vidole vinne. Bibi kasema zamani hata za dukani zilikuwa zinakwenda upande. Sijui ananifariji au kweli.

Jumapili, wiki ya tatu

Subirini nicheke kwanza.

Kanzu ya muuza bizari nlimaliza jana usiku saa sita. Kazi tamu, nlikuwa nimejisifu peke yangu. Chai nyepesi, kola nimeipaka mafuta ya kujipaka na masizi kidogo ili ing'ae kama kola ya mzee alovaa kanzu moja Ramadhani mpaka Ramadhani, na mbele tumboni na kwenye vikono nimepaka manjano, manjano ya kweli ya jikoni, nimeikoroga na maji ya moto nikapiga kwa vidole, pale mzee anapopangusa mikono kila akipima. Nikaitundika uani ikauke nikalala.

Mama kaamka alfajiri. Mama yangu akiona nguo chafu kwenye kamba anaona fedheha, jirani atasemaje. Kaichukua kanzu kaitia kwenye beseni, sabuni ya unga, brashi ya sakafu.

Naamka saa mbili nasikia mama anapiga kelele "yallah yallah njoo uone kanzu inatoka damu!" Nikakimbia na mswaki mdomoni. Beseni limeiva wekundu, kanzu tumboni nyekundu kama mtu kachomwa kisu. Mama kakaa chini, anadhani kaharibu kitu cha watu, anasoma kila dua anayoijua.

Manjano ikikutana na sabuni inageuka nyekundu. Wapishi wanalijua hili, ukimwagikia kwenye kanzu usikimbilie sabuni. Nikaenda jikoni nikakata ndimu nne nikazikamulia humo, palepale mbele ya macho yake wekundu ukarudi ukawa manjano. Mama kaniangalia muda mrefu. Halafu akasema, "sasa na wewe hii kazi yako ni ya kuchafua nguo za watu, na wanakulipa?"

Nikasema wananilipa mama.

"Na aliesafisha halipwi."

Sikuwa na jibu na mpaka saa hizi sina.

Alhamdulillahi hakutia dawa ya kung'arishia, ingekuwa msiba. Chai imepungua nusu, kola imetoka, manjano imebaki madoa mepesi. Na hapa ndo pa kuandika kwa wino mwekundu: imetoka nzuri kuliko yangu. Yangu ilikuwa na uchafu wa siku moja uliopakwa. Hii ina doa lilofuliwa likakataa kutoka, doa chini ya doa. Nguo kuukuu za kweli zinafuliwa, hata za masikini, tena za masikini ndo zinafuliwa zaidi maana iko moja. Kwahiyo nimezirudia zote kumi. Zote nimezichafua, nimezifua kwa brashi, nimezichafua tena. Mama kafua sita, nimemlipa elfu mbili kila moja, kazikataa jioni na kuzichukua asubuhi.

Jumatano, wiki ya nne

Mazoezi ya mwisho na taa, Ngome Kongwe. Upepo wa kusi ushaanza, buibui ya mama mwenye nyumba inapaa kama tanga, nimemshonea vyuma vidogo kwenye pindo.

Tatizo kubwa lilikuwa kisutu, ile kanga ya bi harusi. Harusi kwenye mchezo iko usiku, bwana wa taa kaweka buluu jukwaa zima, na kisutu changu chekundu kwa cheusi na cheupe kikawa cheusi chote. Bi harusi kama kafiwa. Nyekundu inaonekana nyekundu kama taa ina wekundu ndani yake wa kurudisha, buluu tupu haina. Bwana wa taa kasema badilisha nguo, mie nikasema badilisha taa, maalim katuangalia kama watoto wanaogombania embe. Mwisho kaongeza taa moja ya rangi ya chungwa pembeni, ya chini, na mie nikapitisha rangi ya chungwa juu ya ule wekundu kwenye mikunjo ya mbele. Mchana kinatisha, kama kachumbari. Usiku kinawaka.

Ijumaa

Mchezo umefanyika. Watu walikuwepo. Tundu la dengu halikuonekana. Mtu mmoja wa makamo alokaa mbele yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba mwimbaji kapendeza ila wale wengine wangetafutiwa nguo nzuri zaidi. Nikala karanga zangu.

Jumatatu

Hesabu. Jumla ya makubaliano 850,000. Vifaa, rangi, kitambaa cha majaribio, nauli za gari na malipo ya mama 210,000. Nimebakiwa na 640,000 kwa saa 128, nimeziandika zote safari hii, ni elfu tano kwa saa. Dera moja nalichora kwa saa tatu, na ukigawa kwa saa napata zaidi. Na hiyo ni kama nikimaliziwa, maana laki mbili bado, alonipa kazi kasema wiki hii, na wiki hii alishaisema wiki ilopita. Nimetuma ujumbe wa adabu. Nimetuma wa pili wenye adabu kidogo zaidi.

Hapo hapo maalim kapiga simu: wamealikwa Pemba, Chake Chake, maonyesho mawili. Niende na nguo. Nikasema laki mbili kwanza. Imeingia baada ya saa moja. Kumbe ilikuwepo.

Alkhamis

Bandarini Malindi asubuhi, mifuko mitatu. Mchukuzi alonibebea mmoja ulimfungukia, shati likachomoza. Mzee kidogo, fulana imetoboka.

"Mitumba unapeleka Pemba, bi dada?"

Nikaona niseme ukweli, nikamueleza, hii ni nguo ya mchezo, ya mchukuzi wa zamani, mpya hii, mie ndo nlioichakaza. Kaweka mfuko chini, kalikunjua shati, kaligeuza. Nlikuwa nasubiri asifu, naisema haki.

"Bega sawa," akasema. "Lakini gunia ukilipandisha linakaa hapa," akainama akanionesha nyuma ya shingo, chini ya kola, kwenye kile kifupa. "Hapa ndo panapoliwa mwanzo. Hii yako hapa nzima kama ya karani."

Nikaangalia fulana yake. Imetoboka pale pale.

Niko kwenye boti, msasa upo, mbuzi nimeiacha nyumbani. Mama mmoja wa kiti cha pembeni kashaniuliza mara mbili nafanya nini, nimemwambia narekebisha. Tumbatu iko kulia na uzi wa kwanza ndo umekatika sahivi.